Gari la Kuvuka Mpaka: Omba Karatasi Kabla ya Kuuliza Bei

Pasaka fulani tulikuwa wanne ofisini na mpango mmoja: kuendesha gari kutoka Nairobi hadi Arusha, tukae kidogo, turudi kazini Jumanne. Kwa ramani ni safari ndogo. Hadi Namanga ni kama kilomita 160, na kutoka hapo hadi Arusha ni 110 hivi. Tukapata mtandaoni Toyota Fielder safi kabisa, shilingi 3,500 kwa siku, wakati wengine walikuwa wanaitisha 5,000. Sasa nani angekataa? Tulichanga, tukatuma pesa za siku nne zote pamoja na dhamana ya 10,000 kwa namba ya simu ya mwenyewe. Jumla 24,000. Akajibu: "Gari iko sawa, hakuna shida Namanga."

Ilikuwepo. Pale mpakani tuliulizwa logbook, na kumbe ilikuwa na majina mawili, la mwenye gari na la benki. Gari lilikuwa bado la mkopo. Barua ya benki ya kuruhusu litoke nchini iko wapi? Hatuna. Ya mwenye gari je? Hatuna. Tukampigia, hakushika. Tukageuza gari, tukala nyama Kajiado kwa hasira, na dhamana ikarudi nusu baada ya wiki tatu za kumsumbua kwa simu.

Na sisi ndio tunaofanya kazi ya pesa za simu! Hatuna cha kujitetea.

Tangu hapo tuna msimamo ambao marafiki wengine wanatucheka nao: gari la kwenda nchi nyingine unachagua karatasi, halafu ndiyo unaangalia gari. Watu hubishana sana kama uchukue gari dogo au 4x4. Barabara ya Nairobi hadi Arusha ni lami, gari dogo linatosha. Ukitaka kushuka kreta ya Ngorongoro, hapo chukua 4x4. Mjadala umeisha.

Kilichobaki ndicho kigumu. Omba kuona logbook kabla ya kutuma hata shilingi moja. Jina lililoandikwa ndilo linalopaswa kukuandikia barua ya ruhusa, na kama benki imo, benki nayo iandike. Kisha uliza bima. Kuna ile Yellow Card ya COMESA, na ingawa Tanzania si mwanachama wa COMESA, imo katika mpango huo, kwa hivyo kadi inafanya kazi kule. Lakini ielewe vizuri: inamshughulikia mtu mwingine utakayemgonga. Fielder ya wenyewe ukiibonda, kadi hiyo haiitengenezi. Kwa hilo unahitaji bima ya gari lenyewe, na uulize kama inafika Tanzania na kama ni ya gari la kukodisha. Wengi wanakodisha magari yaliyokatiwa bima ya matumizi binafsi tu, na hapo kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Mwenye gari akikujibu "usijali", wewe jali.

Weka kando pia pesa za ada za gari la kigeni upande wa Tanzania, na ukifika vijijini shuka hadi 50. Polisi wa kule wana kamera za mwendo na hawana haraka.

Sasa malipo. Tunaulizwa sana, "Si mnaweza kurudisha muamala?" Kurudisha muamala kunasaidia ukikosea namba. Haikusudiwi kumaliza ugomvi wa makubaliano, na sisi tulituma kwa mtu yuleyule tuliyemkusudia. Kwa hivyo pendelea Till au Paybill yenye jina la biashara, na soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Kama halifanani na la mkataba, simama. Lipa sehemu ya kushikia gari, nyingine ukiwa umelikagua na karatasi ziko mkononi. Dhamana itume peke yake, isichanganywe na kodi, na mkubaliane kwa maandishi itarudi siku gani. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, usiufute.

Mtu atasema haya yote yanafanya gari liwe ghali. Ndiyo, linakuwa ghali. Kama hutaki, panda shuttle hadi Arusha ukodi gari la namba za Tanzania huko huko. Si aibu, na kwa safari ya siku mbili tunaona ni akili zaidi.

Sisi tulirudi Namanga Agosti na Noah ya 5,500 kwa siku, barua zote ndani ya bahasha ya kaki. Afisa alizisoma, akagonga muhuri, akatuambia tusogee tusizibe njia. AC haikufanya kazi hadi Arusha.