Nani Alimwamsha Mtoto?

Filamu ya "Les Amants", yaani "Wapenzi", aliitengeneza Mfaransa Louis Malle mwaka 1958. Jeanne ni mke wa mwenye gazeti katika mji wa Dijon. Mumewe anashughulika na gazeti lake. Yeye anaye hawara huko Paris. Siku moja gari lake laharibika njiani, akasaidiwa na kijana asiyemjua. Jioni hiyo mume, hawara na kijana huyo wote wakala meza moja! Usiku Jeanne na kijana wakapendana, na alfajiri wakaondoka pamoja.

Tamasha la Venice liliitunuku zawadi. Lakini katika jimbo la Ohio, Marekani, meneja wa jumba la sinema, Nico Jacobellis, alitozwa faini ya dola 2,500 kwa kuionyesha. Mwaka 1964 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilitengua hukumu. Jaji Potter Stewart alikiri kuwa labda asingeweza kuieleza picha chafu kwa maneno, ila akiiona huitambua. Na hii, alisema, siyo.

Basi mabishano yote hayo yalihusu dakika chache za faragha. Mimi hazikunishughulisha sana. Jeanne ana binti mdogo, na binti huyo ameachwa amelala. Filamu yamfuata mama barabarani, mwenye hofu lakini asiyejuta. Hairudi nyumbani kutuonyesha nani alimwamsha mtoto asubuhi ile, wala alijibiwa nini alipomwulizia mama yake.