Tairi la Theluji na Mlima wa Newala



Mtu anunuapo motokaa huitazama rangi yake, huufungua mlango na kuufunga, husikiliza mlio wa injini, na pengine huuliza bei ya vipuri. Ni wachache wainamao kuyatazama matairi. Na hali motokaa yote, pamoja na mama, watoto na mizigo iliyomo, imesimama juu ya vipande vinne vya mpira, na sehemu ya kila tairi iigusayo ardhi haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Breki ziwe madhubuti namna gani, kiishikacho njia ni mpira ule tu. Kwa hiyo mwezi huu tumeona yafaa kuzungumza juu ya kuchagua matairi ya kuweka mahali pa yaliyochakaa, na hasa kwa ndugu zetu wa Masasi na Newala.

Aijuaye nchi ile anafahamu kwamba haifanani pote. Masasi iko chini, baina ya vilima vyake vya mawe, na lami huifikia kutoka Mtwara upande mmoja na kutoka Songea na Tunduru upande wa pili. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde. Asimamaye pale Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma likiwa mbali chini ya miguu yake. Kutoka mji mmoja kwenda mwingine, basi, ni kupanda au kushuka. Barabara kuu itokayo Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, yenye kilometa 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Lakini njia nyingi ziendazo vijijini na mashambani ni za udongo na mchanga. Mvua nayo huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hata kufika Aprili. Kwa hiyo tairi la huko latakiwa kufanya kazi tatu: kuvumilia lami yenye moto, kupita katika mchanga, na kushika mteremko uliolowa.

Msomaji atashangaa tukitaja theluji. Newala haikuona theluji kamwe, lakini matairi ya theluji yaweza kuonekana huko. Motokaa nyingi za familia tuzitumiazo, kama vile Toyota RAV4, Toyota Harrier na Nissan X-Trail, huja zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na baadhi yake hushushwa bandarini Dar es Salaam zikiwa zimevaa matairi ya kipupwe cha kule. Mengine huondolewa yakauzwa mbali kama mtumba. Mnunuzi huyaona meno yake marefu, ambayo mafundi wengine huyaita kashata, akadhani amepata bahati. Hapo ndipo lilipo kosa tunalotaka kulizuia.

Tairi la namna hiyo si baya kwa asili yake. Limetengenezwa kwa kazi nyingine. Zamani watu wa nchi za baridi walipigilia misumari midogo katika matairi ili yasiteleze juu ya barafu. Lakini misumari hiyo ilichimba lami na kutimua vumbi lililodhuru afya za watu, hata katika mwaka 1990 Japani ikatunga sheria ya kuizuia. Mahali pake pakashikwa na matairi yasiyo na misumari, ambayo Bridgestone ilikuwa imekwisha kuanza kuyauza kwa jina la Blizzak katika mwaka 1988. Mpira wake ni laini, nao umekatwa mikato mingi myembamba ili uung'ang'anie uso wa barafu. Ulaini huo ndio siri yake: mpira wa kawaida hukakamaa katika baridi kali, na huu hubaki mnyumbufu. Watengenezaji huuhesabu kuwa unafaa hasa joto lishukapo chini ya digrii 7.

Sasa ulete mpira huo Masasi mwezi wa Novemba, joto likiwa limepita digrii 30 na lami ikiwa na moto zaidi ya hewa. Mpira hulegea, meno huyumba gari likatapo kona, na mwendo wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa mrefu zaidi. Tena huliwa upesi, hivyo urahisi wa bei yake hauna maana. Wala asidhani mtu kwamba litafaa katika tope kwa sababu lafaa katika theluji. Mikato ile myembamba haikukusudiwa kutema udongo. Ikisha kujaa, tairi huwa kama kipara.

Namna ya kulitambua si ngumu, hata kwa asiyejua kuendesha. Tazama ubavuni mwa tairi. Ukiona neno STUDLESS au SNOW, au picha ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji, usikimbilie kulinunua. Matairi mengi ya Japani ya namna hiyo huwa pia na herufi Q mwishoni mwa namba za ukubwa, maana yake mwendo wake wa juu ni kilometa 160 kwa saa. Lakini herufi M+S peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa matairi mengi ya misimu yote, na ya njia mbaya, huandikwa hivyo, nayo yaweza kukufaa sana.

Jambo la pili ni umri. Mpira huzeeka hata ukiwa umelazwa dukani, na jua huuzidishia uzee. Tafuta ubavuni maandishi yaanzayo kwa DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni juma, na mbili za pili ni mwaka. Tairi lenye 3619 lilitengenezwa katika juma la 36 la mwaka 2019. Usipoziona tarakimu hizo upande wa nje, inama utazame upande wa ndani, kwani mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi likisha kutumika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe, hata kama meno yake yangali marefu. Ukiona nyufa ndogo ubavuni au baina ya meno, usingoje mwaka huo ufike.

Tatu ni ukubwa na uzito. Maandishi kama 225/65R17 102H si mapambo. 225 ni upana kwa milimeta. 65 ni kimo cha ubavu kwa kila mia ya upana huo. 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Na 102 ni alama ya uzito, yaani tairi moja laweza kubeba kilo 850. Alama 98 ni kilo 750. Soma kibandiko kilicho mlangoni pa dereva, wala usikubali tairi lenye alama iliyo chini ya ile iliyoandikwa. Apakiaye watu watano, kisha akaongeza magunia ya korosho nyuma, ana haja kubwa ya kulijua jambo hili.

Nne ni aina. Ikiwa safari zako nyingi ni za lami, kama Masasi na Mtwara, tairi la barabarani, liandikwalo H/T, au la misimu yote, latosha. Ni tulivu na halili mafuta. Ikiwa kila juma wapanda Newala na kuingia vijijini, chagua A/T lisilo na meno makubwa mno. Lile la tope kabisa, M/T, tuwaachie wenye magari ya kazi. Kwenye lami iliyolowa halishiki vema, na makelele yake huwachosha abiria.

Tano, motokaa inayovuta kwa magurudumu yote manne hutaka matairi manne yenye ukubwa mmoja na uchakavu usiopishana sana. Yakipishana, mitambo ya chini hushindana yenyewe kwa yenyewe hata ikaungua. Na yule ambaye gari lake huvuta kwa magurudumu mawili, naye ana fedha za matairi mawili tu, ayaweke mapya nyuma, hata kama gari huvuta kwa mbele. Nyuma ikiteleza katika mteremko wa mvua, gari huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Twajua jibu litakalotolewa: fedha haitoshi. Ni kweli, na hatuwezi kulidharau. Lakini katika nchi ya korosho fedha ina majira yake. Minada huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na mvua hufuata baada ya majuma machache. Mwenye nyumba aketi na mkewe fedha ile ingali mzima, kabla haijagawanyika kwa ada za shule, bati na harusi, wayatazame matairi yao pamoja. Ndani ya mifereji kuna vijinundu vilivyoachwa makusudi. Meno yakisha kulingana navyo, yamebaki milimeta 1.6 tu, nalo tairi limekwisha. Kwa mlima na mvua ni busara kulibadili likiwa bado na milimeta 3. Afadhali mawili mapya yanayofaa mwaka huu na mawili mwaka ujao, ikiwa gari laruhusu, kuliko manne ya theluji yaliyonunuliwa kwa furaha ya siku moja.

Na wewe ndugu mfanya biashara, uijuaye habari ya tairi ulilonalo, mwambie mnunuzi. Kuficha aibu ya bidhaa ni dhuluma katika kila biashara, lakini aibu ya shati haimwui mtu. Aibu ya tairi yaweza kujulikana usiku, katika mteremko wa Newala, mzazi akiharakishwa hospitali.

Ukisha kununua, pima upepo kila mwezi, asubuhi matairi yakiwa bado ya baridi, kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni. Ukipunguza upepo ili kujinasua katika mchanga, ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, kwani tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka. Wala usilisahau la akiba; nalo huzeeka.

Basi, msomaji mpendwa, usiuziwe mbuzi katika gunia. Leo jioni, kabla jua halijatua, mwite mwanao ajuaye kusoma, mwinamie pamoja ubavu wa kila tairi, akusomee tarakimu zile nne. Ni kazi ya dakika kumi, na mvua haijaanza bado.