Tuwape Vipande, Tusiwape Kitu Kizima



Katika toleo la mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda wengi wakashangaa kulikuta katika jarida la madrasa. Nalo ni treni za kuchezea zinazojengwa kwa matofali ya plastiki kwa kufuata mifano ya zamani. Tunalizungumza kwa sababu sisi wenyewe tulilikosea. Mwalimu akikosea mbele ya wanafunzi wake, ni haki ajisahihishe mbele ya hao hao.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwanafunzi wetu mmoja wa miaka kumi na moja alianza kuchelewa darasa la baada ya alasiri. Alichelewa mara ya kwanza tukanyamaza, mara ya pili tukamwonya. Mara ya tatu tukamfuata, tukamkuta barazani kwao. Mkoba wa juzuu uko pembeni, na mbele yake zimetapakaa rangi nyekundu, manjano na buluu. Vilikuwa vipande vya matofali ya kuchezea ambavyo mama yake alivipata katika mitumba, vimetiwa pamoja katika mfuko bila picha wala maelezo. Tulimkaripia, tukavizoa vyote pamoja na kile alichokwisha kukijenga, tukavitia katika boksi na kulifungia kabatini. Tulimwambia kwamba mchezo hauji kabla ya elimu.

Siku ya tatu alikuja babu yake, fundi mstaafu wa karakana ya reli. Tulimwamkia, akaitikia, akaketi. Hakuja kugomba. Alitoa kikapuni kitu kilichofungwa kwa kitambaa, akakifungua taratibu. Kilikuwa kichwa cha treni cha bati, cha kuchezea, cha aina ile inayovutwa kwa ufunguo kama saa. Rangi ilikuwa imebanduka na springi imekatika siku nyingi.

"Maalim," alisema, "kuchelewa ni kosa lake, na adhabu anastahiki. Lakini kazi mliyoifungia kabatini nilimpa mimi. Nilimwambia anijengee kama hiki. Hebu litoeni hilo boksi tulitazame pamoja."

Tulipolitoa tuliona haya. Kile alichokijenga kilikuwa kimevunjika wakati wa kukizoa. Ndipo mzee akatuonyesha daftari la mjukuu wake.

Alivyopima

Mtoto hakuwa na kitabu cha maelezo. Alipanga matofali kumi, moja juu ya jingine, akapima kwa rula akapata milimita 96. Akagawa kwa kumi, akajua kila tofali lina kimo cha milimita 9.6. Kisha akapima tofali refu lenye vinundu vinane, likawa na milimita 64, akajua kila kinundu kinachukua milimita 8. Akagundua pia kwamba vile vipande vyembamba vitatu vikipandana huwa sawa na tofali moja kamili.

Baada ya hapo akakipima kichwa cha treni cha babu yake. Urefu sentimita 16, yaani vinundu ishirini. Tangi la mvuke upana wa milimita 32, yaani vinundu vinne. Kimo mpaka juu ya dohani milimita 96, yaani matofali kumi. Yote hayo aliyaandika kwa penseli, na pale alipokosea alikata mstari mmoja akaandika upya pembeni.

Mtoto huyu ndiye ambaye sisi tulikuwa tukilalamika kwamba hesabu za kugawa hazimwingii. Kumbe zilikuwa hazimwingii kwa sababu hatukuwahi kumpa kitu cha kugawa.

Kwa nini mfano wa zamani?

Tulimuuliza mzee kwa nini hakumpa mtoto picha ya treni ya kisasa, zile ndefu zenye kasi. Alisema mtoto alianza na hizo na akashindwa, kwa sababu treni ya sasa imefunikwa, huoni ndani wala hujui kipi kinasukuma kipi. Lakini treni ya bati ya zamani haifichi kitu. Utaona tangi la mvuke, dohani, kibanda cha dereva, magurudumu, na chuma kinachoyaunganisha. Fundi wa bati naye hakuweza kuweka kila kitu cha treni ya kweli, kwa hiyo ilimbidi achague vile vichache ambavyo bila hivyo treni si treni. Mwenye mfuko wa matofali yaliyochanganyika yuko katika hali ile ile. Anayenakili kazi ya fundi yule anajifunza namna ya kuchagua.

Na tukiitazama historia ya vichezeo hivi tutaona kwamba kila fundi alijifunza kwa aliyemtangulia. Huko Ujerumani, katika mji wa Göppingen, kampuni ya Märklin ilianza mwaka 1859 kwa kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya bati kwa ajili ya nyumba za wanasesere. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya Leipzig, ilionyesha treni ya ufunguo yenye reli za vipande vya kuunganisha, na vipimo vya reli vilivyopangwa kwa utaratibu. Kabla ya hapo mtoto alinunuliwa treni yake ikawa imekwisha. Tangu hapo aliweza kuongeza reli mwaka hata mwaka, naye akawa ndiye mpangaji wa njia.

Huko Uingereza, karani mmoja wa Liverpool aitwaye Frank Hornby aliwatengenezea wanawe vipande vya chuma vyenye matundu, vinavyofungwa kwa nati na skrubu. Alisajili uvumbuzi huo mwaka 1901, na baadaye ukajulikana duniani kwa jina la Meccano. Mwaka 1920 alipotoa treni zake za kwanza za ufunguo alizifanya kwa kanuni ile ile, ziweze kufunguliwa na kufungwa tena. Kwa hiyo wazo la treni ya kujenga mwenyewe lilikuwapo hata kabla ya tofali la plastiki.

Tofali lenyewe nalo lina asili yake. Wengi wanaijua LEGO ya Denmaki, iliyoanzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen katika kijiji cha Billund. Wachache wanajua kwamba matofali yake ya kwanza, yaliyotoka mwaka 1949, yalifuata matofali ya Mwingereza Hilary Page. Wao wakaendelea kuyatengeneza, na mwaka 1958 wakasajili tofali lenye mirija kwa ndani, inayolifanya lishikane barabara na jenzake. Treni yao ya kwanza ya umeme, yenye reli za buluu, ilitoka mwaka 1966. Na tofali la mwaka 1958 bado linashikana na la leo, kwa sababu kipimo hakikubadilishwa.

Seremala huyo ana kisa ambacho tungependa kila mwanafunzi akijue. Wakati bado wanatengeneza vichezeo vya mbao, mwanawe Godtfred alimwambia kwa furaha kwamba ameokoa fedha. Bata wa mbao waliokuwa wakipakwa vanishi mara tatu, yeye amewapaka mara mbili, na tayari amekwisha kuwapeleka stesheni wasafirishwe. Baba yake alimwamuru arudi stesheni awachukue, awapake mara ya tatu na kuwarudisha, hata ikimchukua usiku kucha. Mnunuzi asingejua, lakini wao wenyewe wangejua. Sisi Waislamu tuna neno la jambo hili, nalo ni itkani, yaani kuifanya kazi ikatimia. Na katika Surat Saba tunasoma kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daud (a.s.) chuma, akamwamrisha atengeneze deraya na apime sawasawa katika kuziunganisha pete zake. Kupima sawasawa ni jambo lililotajwa katika Qur'ani. Vipi sisi tulidharau daftari la mtoto aliyepima?

Kitu kirefu kisichopinda

Tuliporudisha boksi mtoto alianza upya. Alipomaliza kichwa kidogo cha bati, alitaka kujenga kikubwa zaidi, chenye magurudumu mengi. Alikijenga kirefu kimoja kimoja, na kila alipokipitisha kwenye kona aliyoichora kwa chaki sakafuni, magurudumu ya kati yalitoka nje ya mstari.

Hapa mzee alicheka. Alitueleza habari za Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Vile vya daraja la 59, vilivyojengwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, vilikuwa 34 na vilipewa majina ya milima ya kwetu. Vilikuwa vizito na virefu mno, na reli yetu ilikuwa ya upana wa mita moja tu, yenye kona nyingi. Dawa yake ilikuwa kuligawa pigo. Tangi la mvuke lilikaa katikati, limebebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikigeuka kivyake. Kimoja, kiitwacho Mount Gelai, kimehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi.

Waswisi nao walikuwa na shida hiyo katika milima ya Gotthard. Kuanzia mwaka 1919 walijenga kichwa cha umeme chenye kibanda katikati na pua mbili ndefu, kinachopinda kwenye kona, watu wakakiita Mamba. Märklin walikitengenezea mfano wa kuchezea katika miaka ya 1930, ukapendwa sana. Mwaka 2020 LEGO nao wakautoa wa matofali, vipande 1,271. Kwa hiyo mtoto wetu, juu ya chaki yake sakafuni, alikuwa amegongana na swali lile lile lililowakuta mainjinia. Alikata treni yake vipande viwili, akaviunganisha kwa tofali linalozunguka, ikapita kona.

Lau angenunuliwa treni nzima, swali hilo asingelikutana nalo abadan.

Kwa wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba tunawafungulia watoto mlango wa kupoteza wakati. Tunawajibu kwamba wakati wa darasa ni wa darasa, na hilo hatukulibadilisha. Mwanafunzi wetu aliomba radhi kwa kuchelewa na sasa hufika mapema. Lakini mtoto hana budi kucheza. Kinachotuhusu sisi wakubwa ni mchezo gani tumemwekea.

Wengine watasema matofali haya ni ghali. Ni kweli, mapya ni ghali, na hatumwambii mzazi aache karo akanunue seti. Mfuko wa mitumba unatosha. Hata huo ukikosekana, watoto wetu tangu zamani wanajua kutengeneza magari kwa waya, makopo na vifuniko vya chupa. Apewe mfano wa kuufuata, rula na mtu mzima wa kumuuliza maswali.

Angalieni yanayotokea kila Idi. Mzazi anatoa fedha zake za jasho, ananunua treni ya betri inayopiga king'ora. Siku ya kwanza nyumba nzima haisikilizani. Siku ya nne betri zimekwisha, na wiki ya pili iko jalalani, wala mtoto hajui ndani mlikuwa na nini. Kwa fedha hizo hizo angepata vipande vya kumshughulisha mwaka mzima.

Nasaha zetu

Kwa wazazi: mpeni mtoto vipande, msimpe kitu kizima. Akikwama, msimjengee. Muulizeni amepima wapi. Kama nyumbani kuna mzee aliyewahi kuwa fundi wa reli, wa majahazi au wa cherehani, mkalisheni karibu na mtoto.

Kwa wanafunzi: msiharakie kubuni kabla hamjajua kunakili. Tafuteni kitu cha zamani kilichofanywa vizuri, mkifuate mpaka mjue kwa nini kilifanywa hivyo. Kisha ongezeni chenu. Na kila kipande kirudi mahali pake kabla ya adhana.

Kwa sisi walimu: tutazame kabla ya kuzoa.

Hili la mwisho tunajiambia wenyewe kwa uchungu. Katika kukizoa kile kichwa cha treni siku ile, gurudumu moja lilipotea. Tumelitafuta chini ya kabati, barazani na hata kwenye taka, hatukulipata. Mzee alichonga jingine kwa mti wa mwembe, akalipaka rangi nyeusi, na mtoto akasema halina neno. Lakini lina neno. Kikisukumwa mezani, kichwa kile hupepesuka kidogo upande huo, na kila tukikiona tunakumbuka.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzitimiza kazi zetu, na atusamehe pale tulipovunja tulichodhani ni mchezo.

Wabillahi tawfiq.