TAMKO LA TAWI: UCHUMI UKIANGUKA, SERIKALI ISIKAE PEMBENI

Ndugu wanachama,

Wiki hizi kumekuwa na mjadala mkali katika kundi letu. Wapo wanaosema uchumi ukiyumba serikali iache soko lijirekebishe, na wapo wanaosema serikali ibebe kila kitu. Kwa kuwa kikao cha wanachama wote kitajadili ajira za vijana na hifadhi ya jamii, tumeona tutoe maoni yetu mapema. Mfano tunaoutumia ni wa Marekani, nchi ambayo wapinzani wa mkono wa serikali huitaja kila siku.

*NEEMA YA MKOPO*

Miaka ya 1920 Marekani ilineemeka. Viwanda vilitoa magari na redio kwa wingi, na gari la Ford aina ya Model T lilishuka bei hadi chini ya dola 300. Lakini watu wengi walinunua kwa mkopo. Hata hisa zilinunuliwa hivyo: mtu aliweza kutoa dola 10 zake na kukopa 90. Wakulima hawakuionja neema hiyo, maana bei za mazao yao zilikuwa zimeanguka tangu muda mfupi baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Tarehe 29 Oktoba 1929, zaidi ya hisa milioni 16 ziliuzwa New York kwa siku moja. Kufikia Julai 1932, kipimo cha hisa cha Dow Jones kilikuwa kimeporomoka kutoka 381 hadi 41. Mwananchi wa kawaida, ambaye hakuwa na hisa, aliumizwa zaidi na benki. Takribani benki 9,000 zilianguka kati ya 1930 na 1933, na watu wengi wakapoteza akiba zao kwa sababu hapakuwa na bima ya amana ya taifa. Mwaka 1933, karibu mfanyakazi 1 kati ya 4 hakuwa na kazi.

Rais Herbert Hoover hakukaa bure kabisa, tuseme haki. Mwaka 1932 aliunda shirika la kukopesha mabenki na kampuni za reli. Lakini aliamini kuwa kumlisha mwenye njaa ni kazi ya wahisani na serikali za majimbo, ilhali majimbo yenyewe yalikuwa yameishiwa. Mwaka 1930 alitia saini sheria ya kupandisha ushuru wa forodha, nchi nyingine zikalipiza kisasi, na biashara ikazidi kusinyaa.

Tufani hiyo ilifika mpaka kwetu. Bei ya mkonge wa Tanganyika ilianguka, mashamba yakapunguza vibarua, na serikali ya kikoloni ikaendelea kudai kodi. Babu zetu walilipia mgogoro ambao hawakuuanzisha, chini ya serikali ambayo hawakuichagua.

*KILICHOFANYIKA*

Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933. Tunataja mambo matatu.

1. Alianza na imani ya watu. Benki zote zilifungwa kwa siku kadhaa, na zilizoonekana kuwa nzima zikaruhusiwa kufunguliwa. Machi 12 alizungumza redioni kwa lugha nyepesi, akieleza fedha za watu ziko wapi na nini kitafuata. Milango ilipofunguliwa, watu walipanga foleni kurudisha fedha zao. Bima ya amana ilianza Januari 1934, na mwaka huo benki zilizoanguka hazikufika 100.

2. Alitoa kazi yenye ujira. Vijana wapatao milioni 3 walipita katika kambi za kupanda miti na kuhifadhi ardhi. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na 25 kati ya hizo zilitumwa kwa familia zao. Mpango mwingine ulioanza mwaka 1935 uliajiri watu wapatao milioni 8.5 kujenga barabara, shule na madaraja. Mabwawa yalijengwa kwenye mto Tennessee, na umeme ukaanza kusambazwa vijijini.

3. Aliacha sheria. Pensheni ya uzeeni ilipitishwa mwaka 1935, na kima cha chini cha mshahara mwaka 1938.

*MAONYO MAWILI*

La kwanza, msilegeze mapema. Mwaka 1937 serikali ilipunguza matumizi ikidhani mgonjwa amepona, na ukosefu wa kazi ukapanda upya. Ni kweli pia, kama wenzetu wanavyokumbusha, kwamba deni la taifa liliongezeka, na kwamba ajira kwa wote ilikuja na uzalishaji wa vita miaka ya 1940. Hoja hiyo tunaikubali. Lakini hata uzalishaji huo ulilipiwa na serikali, na mwenye njaa wa 1933 asingeweza kusubiri vita.

La pili ndilo zito zaidi kwetu. Sheria ya pensheni ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani, na ile ya kima cha chini ikawaacha vilevile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Wamarekani weusi haikuguswa. Aidha, serikali ilipowalipa wenye mashamba ya pamba wapunguze kilimo, wengi wao walichukua fedha na kuwafukuza wakulima waliolima kwa kugawana mavuno. Mkono wa serikali ulifika, lakini ulimpita aliyeuhitaji kuliko wote.

*MSIMAMO WETU*

Kamati inapendekeza tawi lipitishe mambo mawili na kuyapeleka ngazi ya kata.

Moja: halmashauri iwe na mpango wa kazi za muda zenye ujira kwa vijana, kama kuchimba mitaro, kukarabati barabara za mitaa na kupanda miti, na walipwe kwa wakati. Mikopo ya asilimia 10 tunaiunga mkono, lakini mkopo humsaidia mwenye biashara. Asiye na kitu anahitaji ujira kwanza.

Mbili: kila tunapozungumzia hifadhi ya jamii, tuanze na dada wa kazi, kibarua wa shamba, bodaboda na mama lishe. Wengi wao watazeeka bila mafao yoyote. Wakiachwa nje siku sheria inapoandikwa, kuwarudisha ndani huchukua miaka mingi.

Viongozi wa mashina, fikeni kikaoni na idadi ya watu hao katika maeneo yenu. Mwanachama mwenye maoni tofauti aje pia, atasikilizwa. Tafadhali lisambaze tamko hili kwa wanachama wa shina lako.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi.