TUONGEE NA VIJANA: Yule mdogo umrudishe majini

Ninaandika kutoka Minova, hapa kando ya ziwa Kivu. Mwezi huu tuongee juu ya ndoano.

Kule Kenya kuna mito ya baridi inayoshuka kutoka mlima Kenya na milima ya Aberdare. Mwaka 1905 Mwingereza mmoja, Ewart Grogan, alileta samaki aina ya trauti kutoka Scotland, wakawekwa katika mto Gura. Wavuvi wake wengi hawatumii minyoo. Wanafunga manyoya madogo ya ndege juu ya ndoano mpaka ifanane na mdudu, kisha wanaitupa ielee juu ya maji. Mvuvi anasimama kimya, hata kivuli chake anakificha. Pengine anashinda mtoni siku nzima, anapata mmoja tu, na huyo naye anamwachilia!

Nilimsimulia hayo kijana mmoja aliyeshuka kutoka machimbo ya Numbi. Alicheka sana. “Baba pasta, muntu anaachilia samaki na kwake watoto wana njaa? Ule hana akili!” Sikumkatalia. Mwenye njaa hachezi na samaki.

Lakini yeye alikuwa na mpango wake. Alichimba miezi mingi, akapata madeni tu. Sasa alitaka kushona vyandarua vya mbu viwe wavu, avute sambaza hapa ufukoni. “Juma moja tu, deni lote linaisha.”

Nilimwomba tukae kwanza juu ya jiwe, na fimbo mbili na uzi. Tangu asubuhi mpaka saa tisa tulipata tilapia wawili. Tulipokuwa tukingoja nikamweleza: zamani sambaza hawakuwa humu. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika, kati ya 1958 na 1960, na leo wanalisha watu pande zote za ziwa. Wakubwa wanakaa mbali na ufuko. Wavuvi wanawafuata usiku na taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja. Wadogo wanakaa karibu na ufuko, wanakula, wanakua. Ukipitisha chandarua pale, unavua nini? Unavua chakula cha kesho. Na usiku mtoto wako analala bila chandarua, malaria inamkuta.

Alinyamaza. Kisha uzi wake ukavutwa, akatoa tilapia mdogo kama kidole. Akaniangalia. Akamtoa kwenye ndoano polepole, akamrudisha majini.

Deni halikuisha siku ile, ndugu zangu. Alienda kwa muzee mmoja mwenye mitumbwi, akaomba kazi ya usiku. Siku nyingine anarudi na fungu lake, siku nyingine mikono mitupu. Analipa kidogo kidogo.

Simoni Petro naye alikesha bila kupata kitu. Asubuhi alikutwa anaosha nyavu zake, hakuzitupa.

Wewe kijana wa machimboni, mali ya haraka mara nyingi inakula kesho yako. Na ninyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani na pesa, msiulize tu, “Umeleta ngapi?” Mumuulize pia, “Umezipataje?” Mukiuliza hivyo mapema, mutamuokoa na mengi.

Tuonane mwezi ujao.

Pasta wenu