Sensa Haijakufa, Jointi Ndiyo Imekwisha

Kuna sentensi moja nimechoka kuisikia kwa gereji za huu mji: "Hiyo ni sensa tu, wacha nikufutie." Unaambiwa hivyo ukipeleka gari likiwa na ile taa ya njano kwa dashibodi, ile picha ya gari limeacha alama mbili zilizopinda kama nyoka. Fundi anachomeka mashine, anasoma kodi (ya gari, si ya nyumba wala ya KRA), anafuta, taa inazima, unatoa doo unaenda. Mi nasema hiyo si kazi. Huko ni kumziba mtoto mdomo ndo usisikie akilia.

Na kabla mnijazie komenti za "si wewe uliacha uni, utatufunza nini": ndio, niliacha uhandisi wa mitambo mwaka wa pili, karo iliisha kabla ya hamu. Lakini somo la jointi nililifanya lote, na ndilo nakuja nalo leo.

Stiaringi yako si chuma kimoja kutoka mkononi hadi kwa tairi. Kuna shafti ya juu inayoshika usukani, kuna ya katikati inayopita chini karibu na pedali, halafu kuna ile inayoingia kwa raki. Hazijanyooka kwa mstari mmoja, haziwezi, kwa sababu injini na miguu yako vyote vinataka nafasi hapo. Kwa hivyo zinaunganishwa na jointi za msalaba. Hizi ni kitu cha zamani sana: jina la Cardano, Muitaliano wa miaka ya 1500, bado liko kwazo, na Hooke wa Uingereza alizipigia hesabu miaka ya 1600.

Sasa hapa ndo pana utamu. Jointi moja ikiwa imepinda, shafti ya pili haizunguki sawa na ya kwanza. Ukipinda jointi digrii 30, upande wa pili unawahi na kuchelewa mara mbili kwa kila mzunguko, na tofauti inafika karibu digrii 4. Ndiyo maana zinawekwa mbili, zikipangwa vile kosa la moja linafutwa na la nyingine. Fundi akifungua shafti ya kuteleza bila kuweka alama, akairudisha meno yakiwa yameruka, makosa hayafutani tena, yanajumlishana. Hakuna mashine ya kufuta kodi itarekebisha hiyo.

Sensa yenyewe inakaa juu, nyuma ya usukani. Aina moja iliyoenea ina gia kubwa kwa shafti na gia mbili ndogo zenye sumaku, moja ikiwa na jino moja zaidi ya mwenzake. Tofauti ya hizo mbili ndiyo inaambia kompyuta umezungusha mara ngapi na uko digrii ngapi. Ujanja safi kabisa. Na waliounda vitu hivi walijua shafti hazikai katikati milele na meno yanalika, kwa hivyo wakaweka dawa ndani: springi inayosukuma gia ndo meno yasiachane hata yakilika, kiungo kinachoteleza kando shafti ikihama kidogo, na kwingine visomaji viwili vinavyotazamana, kimoja kikisoma zaidi kwa sababu shafti imehama, kingine kinasoma pungufu, wastani unabaki sawa. Hiyo ndiyo naita kufidia. Mtu amekaa chini akakubali kwamba chuma kitachakaa, akakipangia.

Kufuta kodi si kufidia. Hata kile kitendo kingine mafundi wanachapa na kipande cha waya kwa Toyota nyingi, kurudisha sifuri, si kufidia kama jointi inacheza. Sikiza hesabu, ni ya darasa la sita. Sema jointi ina mchezo wa digrii 6. Ukitoka kushoto kurudi katikati, usukani unadai digrii 3 upande huu. Ukitoka kulia, unadai digrii 3 upande ule. Weka sifuri popote unapotaka. Bado itakuwa 3 huku na 3 kule, kwa sababu kosa lenyewe linabadilika kulingana na ulikotoka. Sifuri inatibu kosa lililosimama. Mchezo ni kosa linalotembea.

"Digrii 6 ni nini sasa, buda?" Haya. Kwa gari la kawaida, usukani ukizunguka digrii 15 hivi, tairi inageuka 1. Kwa hivyo 6 zako ni kama 0.4 kwa tairi. Ndogo, si ndio? Chukua gari lenye mita 2.6 kati ya tairi za mbele na za nyuma, liko kilomita 100 kwa saa, yaani karibu mita 28 kila sekunde. Hesabu ya karatasi, bila kuweka tairi kuteleza, inakutoa karibu mita 1 kando kwa sekunde moja. Barabarani itapungua. Lakini wewe ushawahi kupishana na trela Mombasa Road ukiwa na mita ngapi za kuchezea?

Binamu yangu alinunua gari kwa yadi moja hapa Nairobi, dashibodi ikiwa safi, hakuna taa hata moja. Wiki ya tatu taa ikawaka. Fundi wa kwanza akafuta. Ikarudi siku ya pili. Fundi wa pili akarudisha sifuri, akamwambia iko fiti. Ikarudi. Wa tatu akamtuma Kirinyaga Road akanunue sensa nzima ya mtumba, elfu kadhaa, akafunga, na manze, ikarudi. Fundi wa nne ni mzee fulani hana hata mashine. Alimwambia binamu, "Wewe tikisa usukani pole pole," akalala chini ya dashibodi, akashika jointi kwa vidole. Dakika mbili. Akasema, "Njoo ushike na wewe." Upande mmoja ulikuwa unazunguka, wa pili umelala. Walifunga jointi nyingine, wakapeleka gari alaimenti, ndo wakarudisha sifuri. Kwa huo mpangilio. Taa haijarudi.

Na yadi? Kuna mtu pale alijua. Taa iliyorudi kwa haraka hivyo baada ya kila kufuta haikuwa imezima yenyewe siku ya kuuza.

Najua jibu lenu, nimelisoma mara mia: gari za baba zetu hazikuwa na sensa na zilifika Kisumu. Zilifika, na zingine hazikufika. Lakini pia, kwa gari za kitambo mchezo wa stiaringi ulikuwa kati yako na mikono yako. Siku hizi kuna mwenzako kwa hiyo gari. Mwaka 1997 kule Sweden gari jipya la Mercedes, A-Class, lilipinduka mbele ya waandishi kwenye jaribio la kukwepa kitu ghafla, na kampuni ikalazimika kuweka kwa kila A-Class mfumo wa kuzuia kuteleza. Huo mfumo unafanya kazi kwa kulinganisha mahali usukani unasema unataka kwenda na mahali gari linaenda kweli, halafu unashika breki ya tairi moja kukurudisha. Swali la kwanza unalouliza ni kwa sensa ya usukani. Ukiwa na jointi inayodanganya, mara nyingi kompyuta inashtuka na kujizima. Hiyo taa ni mfumo unakwambia, "Leo sipo." Wewe unalipa mtu aondoe ujumbe.

Mafundi wa jua kali siwatukani, huyo mzee ni jua kali. Ninaowalenga ni wale wamegeuza mashine ya kusoma kodi kuwa kazi yote, na wenye yadi wanaoita hiyo huduma "kusafisha dashibodi". Gari linaruhusiwa kuingia nchini likiwa na hadi miaka 8. Linafika na jointi za miaka 8, halafu tunalipa matuta na mashimo yetu juu. Kuchakaa si aibu ya mtu. Kwa Hyundai na Kia za mapema miaka ya 2010 kuna kampira kenye umbo la nyota kati ya mota ya stiaringi na gia, kazi yake ni hiyo hiyo, kusamehe shafti ambazo hazijanyooka. Kanakatika, unasikia kitu kinagonga ukigeuza. Ni kadogo, ka bei ndogo. Kazi ngumu ni kufungua kolamu. Fundi anayetaka kukuuzia kolamu nzima, muulize kwanza kampira kako hali gani na umwone usoni.

Ukienda kuangalia gari wikendi hii, washa ufunguo taa zote ziwake, hakikisha ile ya alama za nyoka nayo inawaka halafu inazima, maana kuna wenye huizima milele. Kisha mwambie rafiki atikise usukani kidogo, huku na huku, na wewe ulale pale kwa pedali ushike jointi. Shati litachafuka. Broka akikwambia hakuna muda wa hayo, mwambie sawa, utapitia yadi ya jirani. Nimeona muda ukipatikana haraka sana.