FIMBO NA MAKOSA YA MTOTO

Wazee wetu husema, "Mcha mwana kulia, hulia yeye." Methali hii hutajwa kila fimbo inapoinuliwa. Mimi sikatai kwamba mtoto akikosa aonywe. Nakataa fimbo, na sababu yangu naitoa katika kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana nilipokuwa kiranja wa bweni, mvulana mmoja wa kidato cha kwanza alichelewa mstarini siku tatu mfululizo. Nilimchapa bila kumwuliza neno. Siku ya nne aliwahi, nami nikajisifu. Baadaye nikapata habari kwamba alikuwa akikojoa kitandani, na kila alfajiri alikwenda kufua shuka lake kwa siri. Baada ya fimbo yangu aliacha kufua, akawa analalia shuka lenye majimaji. Basi fimbo ilimfunza nini, ila kuficha?

Yafaa tuijue sheria. Kanuni za Tanzania Bara za mwaka 2002 zamruhusu kuchapa mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi. Viboko visizidi 4, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kiranja hana ruhusa hiyo, nami sikuijua. Mipaka ikivukwa, hasara ni kubwa. Mwaka 2018 huko Bukoba, katika mkoa wetu huu, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu. Jirani zetu wa Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na watoto wao wangali wanasoma na kufaulu.

Je, tufanye nini? Kwanza, aliyekosa aulizwe, tena faraghani. Pili, adhabu ifanane na kosa: aliyechafua asafishe, aliyeharibu atengeneze. Tatu, akirudia, mzazi aitwe washauriane na mwalimu. Najua walimu watasema kwamba wanafunzi ni wengi na muda ni mchache. Ni kweli. Hapo ndipo viranja tungewafaa, kwa kusikiliza wadogo zetu na kupeleka habari mapema.

Nanyi wazazi wa Kiruruma, mgomba ukiinama kwa uzito wa ndizi, mwauwekea mti wa kuuegemeza. Hakuna aupigaye.

Nilimwomba radhi kijana yule. Alijibu, "Si kitu, kaka." Lakini hata leo akiniona hupita njia nyingine.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne